Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzangu, hamjambo. Karibuni Tororo.

Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza. Tuna habari moja na ombi moja.

Habari yenyewe ilianzia stoo. Humo mlikuwa na kompyuta 11 mbovu, zimerundikwa hadi dirishani, zikimngoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Tuliomba ruhusa ya kuzifungua, tukapewa.

Ndani ya kila kompyuta mna diski ngumu, kisanduku kinachohifadhi kumbukumbu zake. Skrubu zake hazikubali bisibisi ya kawaida. Zinataka yenye ncha ya nyota. Ndani ya diski mna sahani zinazong'aa kama kioo, na mkono mwembamba unaopita juu yake kusoma. Mkono huo husogezwa na koili, yaani waya uliozungushwa, iliyokaa kwenye sumaku yenye umbo la ndizi. Ni ndogo, unaifumbata kiganjani, lakini ikinasa kwenye kabati la chuma utaita mtu akusaidie. Imetengenezwa kwa metali iitwayo neodimiamu, chuma na boroni, mchanganyiko uliobuniwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kazi ni kuibandua. Imegandishwa kwa gundi kwenye kibati kinene. Ya kwanza tuliipiga nyundo, ikapasuka kama kigae. Mwenzetu akataka tuyeyushe gundi kwenye sigiri. Mwalimu wa fizikia akamzuia, maana sumaku nyingi za aina hii huanza kudhoofika joto likizidi nyuzi 80 hivi. Aliyetuokoa ni fundi wa kuchomelea aliye nje ya lango letu. Alibana kibati kwenye jiliwa, akakikunja polepole kwa koleo, sumaku ikaachia yenyewe. Akatuonya tusiichubue ngozi yake ya nikeli, isije ikashika kutu. Kuhusu vidole hakutuonya. Sumaku mbili zilirukiana kidole changu kikiwa katikati, na ukucha huu mpaka leo ni mweusi.

Maabarani tuliweka karatasi juu ya sumaku moja, tukanyunyiza vumbi la chuma. Likajipanga pande mbili, na mstari katikati: uso mmoja una kaskazini na kusini. Sumaku ya fimbo haikuonyeshi hivyo.

Lakini tunajivunia zaidi mashine ya posho. Tumepanga sumaku sita chini ya bati la alumini, pale mahindi yanapoteremka kabla ya kusagwa. Wiki ya kwanza tulikuta misumari miwili, kipande cha waya na kizibo cha soda. Tulikuwa tunakula nini mwaka jana, bora tusiulizane.

Mheshimiwa, ombi letu ni hili. Kompyuta zilizokufa katika ofisi za hapa wilayani zisiuzwe kwa kilo kabla hatujazifungua. Sahani tutazivunja mbele ya wenyewe, siri za ofisi zisitoke, na mabaki yote tutayarudisha. Mnunuzi atapata chuma chake. Sumaku tunazifungia kabatini, mbali na watoto wadogo, kwani mtoto akimeza mbili zinaweza kumbana utumbo.

Pia tunaomba seti ya bisibisi za nyota na jiliwa moja. Tunayotumia ni ya fundi, na Jumamosi ana wateja wake.

Tunaomba kuwasilisha.