Kwenu vijana mtakaoshika orodha ya mgao wa msaada wa mafuriko hapa Sabaki

Asalamu alaikum, wanangu.

Nimesikia majina yenu yalisomwa juzi kwa naibu chifu: makarani, wapimaji, na wale wa kupanga foleni. Hongereni. Kibarua cha wiki tatu si haba kwa Malindi ya sasa. Mtapewa vizibao, kalamu, na kile kidau cha wino wa kidole gumba. Mimi nina neno juu ya hiyo kalamu.

Mwaka 1997, mvua za El Nino zilipoufanya mto Sabaki umwage maji mashambani, nilikuwa karani kama nyinyi. Shirika silitaji, lilishafungasha virago zamani. Tulikuwa wawili mezani, mimi na mwenzangu mmoja mcheshi, kipenzi cha watu. Akaja msichana na gunia tupu kalikunja kwapani. Mwenzangu akapitisha kidole kwenye orodha juu mpaka chini, akasema jina halimo. Lilikuwamo. Nililiona, mstari wa tatu kutoka chini, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Akamwambia, "Njoo ghalani jioni tuliangalie vizuri." Msichana akabaki amesimama. Mwenzangu akaongeza, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," na wanaume waliokuwa karibu wakaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Ndilo jambo pekee nililolifanya siku ile.

Kesho yake nikamwona njiani, gunia limejaa kichwani. Siku zote akiniamkia. Siku hiyo alipita.

Methali ile waliitunga wahenga kwa mtu anayetaka kitu bila kujisumbua. Unga wa msaada haumo mvunguni mwa karani. Ulishaandikiwa jina, ni mali ya yule msichana kabla kufuli la ghala halijafunguliwa. Ukimdai chochote ndipo umpe, hujampa kitu, umemuuzia kilicho chake.

Najua kuna atakayesema, "Babu, alikubali mwenyewe." Mwenye njaa hana miiko, na hilo mwalijua tangu utotoni. Mama ambaye watoto wake wamelala kwa maji ya moto ataulizwaje kama amekubali? Mwaka 2002 ilifichuka kwamba huko Guinea, Liberia na Sierra Leone kuna wafanyakazi wa misaada waliokuwa wakiwatoza ngono watoto wa wakimbizi ili wapate chakula. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukatoa kanuni ambazo mpaka leo hazina habari ya nani alikubali. Ngono kwa fedha, kwa kazi, kwa chakula au kwa huduma, marufuku. Aliye chini ya miaka 18, marufuku, hata kama sheria ya nchi yake inamhesabu mtu mzima mapema zaidi, na "nilidhani ni mkubwa" si utetezi. Mtaletewa karatasi yenye maneno hayo msaini. Wengi huisaini kama wanavyosaini posho. Isomeni.

Wala si unga peke yake. Huko Kongo, wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, wanawake walieleza jinsi walivyoahidiwa vibarua, kisha wakadaiwa miili yao. Tume huru iliyotoa ripoti mwaka 2021 ilihesabu watuhumiwa wasiopungua 83, na 21 kati yao walikuwa waajiriwa wa Shirika la Afya Duniani lenyewe. Watu waliokwenda kuokoa roho!

Siku hizi msaada mwingi unapitia M-Pesa, na mimi naiona hatari imejificha humo. Hakuna gunia, hakuna foleni ya kushuhudia, kuna kijana mwenye nambari ya simu ya kila mwanamke kijijini. Nambari hiyo hukupewa wewe. Ukimtumia "mambo" saa nne usiku, yeye hasomi mambo. Anasoma kwamba mgao wake umeushika wewe.

Sisi watu wa Malindi tumezoea kuwanyooshea kidole watalii wa hoteli za ufukweni kwamba ndio wanaotuharibia mabinti. Wapo, sikatai. Lakini mwenzangu wa 1997 alikuwa mtoto wa hapa hapa, tumecheza mpira pamoja.

Mkimshuku mwenzenu, msijifanye wapelelezi, wala msimwite msichana mkamhoji, mtamwaibisha bure. Fununu yatosha. Ipelekeni kwa aliyetajwa kwenye karatasi mliyosaini, na kama msimamizi ndiye mwenyewe, mpiteni mwende juu. Simu 116 ni ya mambo ya watoto, 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, na zote ni bure. Mtu akibakwa, hospitali kwanza, kabla saa 72 hazijapita, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya muda huo. Asioge kwanza. Nguo zitiwe kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki. Fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari, itafuata. Na wazee wenzangu wakianza habari za kuketi chini ya mwembe, mbuzi wawili na kibuyu cha mnazi yaishe, msiwasikilize. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haijui mbuzi.

Halafu lile sanduku la malalamiko. Kila mara huwekwa mlangoni mwa ofisi, mwanamke akitia karatasi dunia nzima imemwona, na ufunguo uko mfukoni mwa msimamizi. Tena mama zetu wengi hawaandiki. Waulizeni wenyewe wangependa kumwambia nani. Nadhani watamtaja mkunga, au mwenyekiti wa chama chao cha akina mama.

Nyumba yangu nayo imeingia maji, kwa hiyo Jumamosi mtaniona kwenye foleni na gunia langu. Msinipeleke mbele kwa sababu ya mvi. Ninachowaomba ni kwamba majina yasomwe kwa sauti, mtu alisikie lake kabla hajafika mezani, na orodha mkiiweka, ielekezeni kwa aliyesimama, si kwa nyinyi mlioketi.

Ni mimi babu yenu,
karani wa zamani, Sabaki