Ufa wa dirisha la boti hauzibwi kwa silikoni

Ndugu Mhariri,

Boti nyingi za faiba zinazobeba abiria na watalii hapa pwani zina madirisha yenye nyufa, na juu ya ufa pamepakwa silikoni. Silikoni huzuia maji kwa muda tu. Nguvu ya kioo hairudishi, na msimu wa kusi wimbi likipiga ubavu, dirisha lote laweza kuingia ndani kwa abiria. Naomba nafasi nieleze kazi inavyotakiwa kufanywa.

Tazama ufa unakoanzia: mara nyingi ni kwenye tundu la skrubu. Vioo vingi vya boti hizi ni plastiki ya akriliki, ambayo hutanuka sana. Kipande cha mita 1 joto likipanda nyuzi 30 hurefuka karibu milimita 2, na faiba haitanuki kiasi hicho. Tundu likiibana skrubu, kioo hakina pa kwenda. Skrubu za kichwa cha kuzama ndizo mbaya zaidi, kwani kichwa huingia tunduni kama kabari.

Kutoa kioo kibovu, fungua skrubu, kata gundi kwa kisu chembamba ndani na nje, kisha sukuma taratibu. Usikitupe, unga vipande kwa utepe, ndicho kipimo cha kioo kipya. Sasa kagua ukingo wa faiba. Kama katikati yake kuna mbao, dunga kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, mbao imeoza: chimba hadi ufike penye uzima, acha pakauke kabisa, ujaze epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya, iliyokorogwa na unga wake wa kujazia hadi iwe nzito. Mafundi wengi huiruka hatua hii, halafu dirisha jipya likivuja hulaumiwa gundi.

Kioo kipya kisiwe chembamba kuliko cha zamani, na pembe zake ziwe za mviringo, maana pembe kali huzaa ufa. Kwa bolti ya milimita 5 toboa tundu la milimita 8, drili iende polepole na chini pawe na ubao. Tumia bolti za stenlesi za kichwa bapa kisichozama, zenye washa pana na raba chini yake.

Usisafishe akriliki kwa thina, petroli wala asetoni. Huonekana imetakata, lakini baadaye hujaa vijiufa vyembamba kama nywele. Maji na sabuni laini yanatosha. Silikoni ya zamani kwenye faiba ikwanguliwe yote na pasuguliwe msasa, kwa sababu gundi mpya haishiki juu yake.

Gundi nayo ichaguliwe. Silikoni yenye harufu ya siki hula fremu za alumini; chukua isiyo na harufu hiyo. Gundi ya poliuretani inayotumika kwenye sitaha isipakwe kwenye akriliki, isipokuwa maandishi ya bomba lake yanasema inafaa. Weka vipande vya raba vya milimita 3 kuzunguka ukingo ili gundi isikamuliwe yote nje, kisha kaza bolti kwa vidole hadi gundi ianze kuchungulia pande zote. Spana ikianza kutumika hapa, ufa mwingine umeshaanza kutengenezwa. Gundi hukauka kutoka nje kwenda ndani, milimita 2 au 3 kwa siku, kwa hiyo boti ipumzike wiki nzima. Mwenye boti anayetaka abiria kesho yake asimharakishe fundi.

Kujaribu, mwaga maji kwa mpira ukianzia ukingo wa chini na kupanda juu polepole, mwenzako akiwa ndani na karatasi kavu. Ukianzia juu, maji yatateremka na hamtajua yameingilia wapi.

Ufa ukitokea safarini mbali na karakana, toboa tundu la milimita 3 penye ncha yake ili usiendelee, kisha bandika utepe imara pande zote mbili. Hiyo ni ya kuirudisha boti nyumbani bila abiria.

Fundi wa boti za faiba,
Mombasa