Mama, Nassir si Mvivu

Leicester, Februari 2024

Kwa Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo Mama. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nitalia, na nikilia utaacha kunisikiliza uanze kunibembeleza. Haya nataka uyasome taratibu na miwani yako. Macho yakichoka, Rehema akusomee, na asiruke mstari.

Ile sauti aliyoituma Wifi Zuhura kwenye kundi la familia niliisikiliza mpaka mwisho. Eti mtoto wa miaka tisa analala saa nane mchana, hata kumwamkia bibi yake hawezi, amedekezwa, mleteni Tanga tumnyooshe. Wote mkakaa kimya. Kaka Seif aliisikia, nimeona alama, naye akanyamaza. Kunyamaza kwenu ndiko kulikoniuma kuliko maneno yenyewe. Hakutokea hata mmoja wa kusema, jamani, mtoto ametoka hospitali juzi.

Mwezi uliopita mafua yaliingia darasani kwao. Wenzake walikaa nyumbani siku mbili tatu, wakarudi shule. Kwa mwanangu Nassir, na huu ugonjwa wake wa kurithi wa sistiki faibrosisi, mafua hayaishii puani. Ute wa mapafuni mwake ni mzito, unanata, hausogei kama wetu, na bakteria wakishaingia humo wanapata makazi. Walipopima makohozi wakamkuta sudomonasi, ambaye mimi namwogopa kuliko wote. Akalazwa. Akawekewa mrija mwembamba mkononi, antibayotiki aina mbili za mshipani, dozi ya wiki mbili. Moja ya dawa hizo inaweza kugusa figo na masikio, kwa hiyo damu inapimwa mara kwa mara wajue kiasi kilichomo.

Na hapa Mama niache nijisifu, maana nisipojisifu kwako nijisifu kwa nani. Sehemu ya mwisho ya dozi nilimpa mimi mwenyewe, hapa nyumbani. Wauguzi walinifundisha kunawa mpaka kwenye viwiko, kutandaza mahali safi, kutoa hewa yote kwenye bomba la sindano, kuosha mrija kwa maji ya chumvi kabla na baada, kisha kusukuma dawa polepole bila haraka hata mtoto akilalamika. Wakanisimamia nikifanya, wakaniuliza maswali, ndipo wakasaini kwamba mama huyu anaweza. Mimi niliyetolewa shule kidato cha pili ada ilipokosekana. Muuguzi mmoja aliniambia mkono wangu umetulia sana. Nikamjibu kwamba mama yangu anashona kofia za vito kwa mwanga wa koroboi. Karatasi ile iliyosainiwa nimeitunza pamoja na pasipoti zetu.

Basi dawa zikaisha. Homa ikaondoka, kikohozi kikapungua, akapuliza kwenye chombo cha kupimia mapafu na namba zikarudi karibu na zilipokuwa. Tukashukuru, tukadhani yamekwisha. Hapo ndipo uchovu ulipojitokeza, na huo ndio mnaouita uvivu.

Asubuhi anavaa soksi moja, anakaa nayo ya pili mkononi. Kwenye ngazi anasimama katikati, anajifanya anatazama picha ya babu yake ukutani ili nisijue kwamba anavuta pumzi. Analala mezani chakula kikiwa mbele yake. Ukimuuliza jambo analolijua vizuri, jibu linachelewa kuja. Rafiki yake alikuja na mpira Jumamosi, wakacheza kidogo tu, Nassir akaja jikoni akaninong'oneza, "Mama, mwambie aende kwao." Nassir huyo huyo ambaye kwa mpira anasahau hata kula. Nilimpeleka mwenzake mlangoni, nikarudi nikamkuta amejilaza sakafuni uso umegeukia ukuta. Alikuwa analia, na hata kulia kwenyewe kulikuwa kwa chini, bila nguvu.

Siku mliyopiga simu ilikuwa ya kwanza kurudi shule, nusu siku. Aliporudi alilala na viatu. Sikumwamsha, Mama, na ikitokea tena sitamwamsha. Bibi ataamkiwa mtoto akiwa macho.

Niliwauliza madaktari kama kuna kitu kingine kimejificha. Wakampima wingi wa damu, madini ya chuma, vitamini D, na sukari pia, kwa kuwa ugonjwa huu unaharibu kongosho na baadaye unaweza kuleta kisukari cha aina yake. Sukari iko sawa, alhamdulillahi. Vitamini D ilikuwa chini, wamemwongezea. Kilichobaki, wanasema, ni mwili unalipa deni. Kupumua, ambako sisi hatukuhesabu kuwa kazi, kwake ni kazi. Hata akiwa mzima anahitaji chakula kuliko mtoto mwingine, na wenye hali yake wengine wanahitaji hadi mara moja na nusu. Sasa fikiria maambukizi yanakula nguvu, na wakati huo huo hamu ya kula imekatika. Kilo alizopoteza si mafuta tu, na misuli imo. Usiku alikuwa akikohoa kila mara, usingizi wa vipande. Mtu wa namna hiyo akikwambia amechoka, hadekezwi.

Na siku yake ya kawaida mnaijua? Anaamka kabla ya dada yake Rukia. Anavuta mvuke wa dawa kwenye mashine, kisha anapuliza kwenye kinyago chenye upinzani, anatoa pumzi kwa nguvu, anakohoa, anatema, anaanza tena. Ndipo chai. Jioni yote hayo yanarudiwa. Zuhura atasema nasi tulichota maji alfajiri. Tulichota, kweli. Lakini tulichota kwa mapafu mazima.

Wameniambia itachukua wiki kadhaa, na kwamba nisimlaze tu, wala nisimsukume. Uani tumemwekea trampolini, maana kuruka kunalegeza ute na kurudisha misuli. Anaruka, anapumzika, na tunaacha kabla hajaishiwa kabisa. Hii ya kuacha mapema ndiyo ngumu, kwake na kwangu, kwa sababu siku akijisikia vizuri anataka kufidia yote, halafu kesho yake hainuki kitandani.

Kuhusu vidonge ambavyo Zuhura anasema namjaza tumboni: kongosho lake halipeleki vimeng'enya vya kusaga chakula, hivyo kila chakula chenye mafuta anakila na vidonge vya vimeng'enya, pamoja na vitamini A, D, E na K. Bila hivyo chakula kinapita bure. Mmesahau alivyokuwa kabla hatujaondoka? Tumbo limetangulia, miguu kama si ya mtoto yule, choo cha mafuta chenye harufu iliyotufanya tufungue madirisha. Tukaambiwa kwashakoo. Baadaye tukaambiwa kifua kikuu, akanywa dawa miezi sita na kikohozi hakikutikisika. Huku ndiko walikompima jasho, chumvi ikaonekana iko juu mno, na jina la ugonjwa likajulikana: sistiki faibrosisi.

Lakini chakula cha kwetu kimenipa heshima, nikwambie. Mtaalamu wa lishe aliniomba nimwandikie anachokula Nassir akiwa mzima. Nikaandika wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharage ya nazi, kalimati, karanga za kukaanga. Akafurahi sana! Watoto kama Nassir wanatakiwa wale mafuta, na yeye alikuwa anahangaika kuwashawishi wazazi waongeze siagi. Akaniuliza tui linatengenezwaje. Nimemwambia tui la kopo si tui, ila ndilo tulilonalo.

Kaka Seif alinitumia habari ya vidonge vipya, vile vitatu kwa kimoja. Ni kweli vipo. Marekani walivipitisha mwaka 2019, huku vikafika 2020, na watoto wa umri wa Nassir wakaruhusiwa 2022. Wapo waliokuwa wanangoja kubadilishiwa mapafu, sasa wanakwenda kazini. Ila vinafanya kazi kwa hitilafu fulani za jeni, hasa ile iliyoenea kwa Wazungu. Za Nassir ni nyingine, zinazoonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Nililia, nikamaliza.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba haruhusiwi kukaa karibu na mtoto mwenye ugonjwa kama wake, kwa kuogopa kuambukizana hao bakteria wa kifuani. Siku ya kliniki kila mtoto na chumba chake, mlango umefungwa. Huko kwetu mgonjwa anazungukwa. Jioni nyingine natamani tungekuwa barazani kwako Ngamiani, Nassir amelala kwenye mkeka kichwa kiko mapajani mwako, wewe unaendelea na kofia yako, na watu wanapita wanasalimia.

Sasa neno la nani ametoa ugonjwa. Zuhura anasema ni wa Wapangani, yaani wakwe zangu, damu yetu haina hayo. Wakwe zangu nao wanasema ni wa kwetu. Nimechoka na maneno haya kuliko Nassir alivyochoka. Mtoto haugui mpaka apokee jeni mbovu mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye moja tu haumwi chochote, anaibeba maisha yake yote bila kujua. Baba Nassir anayo. Mimi ninayo, na mimi sikuiokota Leicester. Kwa wazazi kama sisi, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto kuugua. Rukia ilimpita, Nassir ikampata. Basi.

Na Mama, nimemfikiria sana marehemu ndugu yangu Hamadi. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka kikohozi chake, nakumbuka ulivyosema ukimbusu unaonja chumvi kama ametoka baharini. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichomchukua. Lakini wale waliosema umerogwa, na waliosema hukumlisha mwanao, Mungu awasamehe. Hukufanya kosa lolote. Ningependa uamini hivyo hata kama katika barua hii hutaamini kingine.

Harusi ya Mwanaisha hatutakuja. Nilikuwa nimeshaulizia nauli, lakini Mfungo Mosi Nassir hatakuwa na nguvu za safari, na joto la Tanga linamtoa chumvi mwilini kuliko sisi. Akija, na atakuja inshallah, atakuja na dawa zake za chumvi, ataogelea Raskazone mpaka aseme basi, na mtamlaza akichoka. Hakuna wa kumnyoosha.

Mchango mlionipangia bila kuniuliza sitaufikisha wote. Nitatuma nusu mwisho wa mwezi huu, na nyingine nikiweza kabla ya siku ya kupeleka mahari. Kazini nilikosa siku nyingi, hayo tuyaache. Gari tumemaliza kulilipia, deni la watu hatuna. Fedha ya dawa yako ya presha iko mbali na hiyo, usiiguse kwa ajili ya harusi hata wakikusihi.

Jambo moja naomba umwambie Kaka Seif mkiwa wawili. Mwanaisha anaolewa na mtoto wa Mama Mdogo. Sisemi harusi ivunjwe. Nampenda Mwanaisha, na kijana ni mwema. Lakini ni ukoo mmoja, na kitu hiki kimo katika ukoo. Wakijaliwa mtoto, akawa hanenepi ingawa anakula, ana kikohozi kisichokwisha, choo cha mafuta, ngozi ya chumvi, wasikubali kuambiwa ni kwashakoo au kifua kikuu pekee yake. Waulize kipimo cha jasho, na wakikikosa wanipigie mimi. Zuhura atachukia nikisema mimi, ndiyo maana nakuomba useme wewe.

Habasoda uliyoituma imefika, asali ya Handeni pia. Asali anaila na mkate, habasoda nimemwonyesha daktari kwanza.

Pigeni simu Jumapili saa tisa alasiri ya kwenu, huku itakuwa saa sita mchana. Wakati huo anakuwa amemaliza mvuke wake, amekula, na bado ana nguvu. Usimuulize kama amepona, maana anaulizwa na kila mtu na hajui ajibu nini. Muulize Rukia anamshinda kuruka au anashindwa. Akianza kujibu kwa neno moja moja, muage na kukata simu, kisha pigeni tena Jumapili nyingine. Mwambie Kaka Seif awepo.

Nisalimie Rehema, Mama Mdogo, na majirani wote wa uani. Baba Nassir anakuamkia.

Mwanao,
Asha