Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kwa wanaochora viumbe vya uani

Heri ya Krismasi kwenu nyote mnaoshika penseli na brashi, na Mwaka Mpya uwakute wazima. Kadi zinazojaa madukani mwezi huu zina theluji na misonobari, nasi hatuna ugomvi nazo. Lakini uani kwetu, kutoka Mombasa kushuka hadi Dar es Salaam, Desemba ina sura yake: vuli inakatika, upepo wa kaskazi unashika, na kila kiumbe kinaonyesha badiliko hilo mwilini mwake. Ukilichora hilo sawasawa, kadi haihitaji kuandikwa mwezi. (Wenzetu wa Mtwara, mvua kwenu ndiyo kwanza inachanganya, kwa hiyo yafuatayo myapime kwa kalenda yenu.)

Mkrismasi, ule mti wa maua mekundu, ndio unaotangaza sikukuu kabla hata kwaya hazijaanza mazoezi. Asili yake ni Madagaska, lakini umeshakuwa wa kwetu. Kosa la wengi ni kuchora petali zote tano nyekundu. Nne ndizo nyekundu tupu. Ya tano, ile inayosimama, ni kubwa kidogo na ina weupe au unjano katikati, umetiwa michirizi na madoa mekundu. Hiyo iache iwe karatasi tupu hadi mwisho. Zile nne zipake nyekundu nyepesi yenye uchungwa, subiri ikauke, kisha zidisha nyekundu nzito kuelekea shina la petali. Kwa unyevu wa pwani, kusubiri ndiko kunakowashinda watu: gusa kwa mgongo wa kidole, ukisikia ubaridi, bado kuna maji ndani. Ukiweka kijani cha majani kando ya nyekundu mbichi, rangi hizo mbili huuana na kutoa kahawia ya matope ambayo haisafishiki. Tumia karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Ile ya fotokopi ya gramu 80 itajikunja kabla hujamaliza ua la kwanza.

Mnana, ndege mfuma viota, ana saa yake, nayo ni rangi ya kiota. Dume huchana ukanda wa jani la mnazi, hufuma pete kwanza, kisha chumba, na mlango huutazamisha chini. Kiota kikiwa kijani, bado kibichi, naye huning'inia chini yake akipiga mabawa kumwita jike. Kikishakuwa kahawia bila kupata mpangaji, mara nyingi hukifumua mwenyewe na kuanza upya. Kwa hiyo dume anayenadi kiota kilichokauka ni picha ya kutiliwa shaka. Anza na kijani chenye unjano, na ukanda mmojammoja uukoleze kwa brashi namba 1. Usizichore nyuzi zote. Chora zile za ukingo wa mlango na zinazoning'inia, macho ya mtazamaji yatamalizia mengine.

Chozi dume, yule ndege mdogo wa kufyonza maua, huwatesa hata wazoefu, kwa sababu mng'ao wake hautokani na rangi peke yake bali na jinsi unyoya ulivyoumbwa kuurudisha mwanga. Rangi za kumetameta za dukani hazisaidii: zinang'aa sawasawa kila mahali, na chozi hang'ai hivyo. Changanya buluu ya ultramarini sehemu mbili na kahawia ya udongo sehemu moja upate weusi wenye uhai. Paka mwili wote, ila acha mistari miembamba ya karatasi kichwani na begani. Ikikauka, ijaze kwa kijani safi chepesi, na kingo zibaki kali. Ukizilainisha, unapata ndege wa plastiki.

Waya za umeme nazo zina habari. Mbayuwayu waliotoka Ulaya na Asia wako huku sasa, na huku ndiko wanakobadilishia manyoya. Wengi wa Desemba hawana bado zile ncha mbili ndefu za mkia zinazochorwa kila mahali, au upande mmoja umetangulia mwingine. Chora hivyohivyo. Mkia uliokamilika uwekee akiba ya Machi, wanapojiandaa kuondoka.

Chini, penye majani yaliyooza, jongoo wanatembea kabla ukavu haujawarudisha mafichoni. Pingili nyingi za mwili zina jozi mbili za miguu, lakini ya kwanza haina na tatu zinazofuata zina jozi mojamoja. Miguu huenda kwa mawimbi, basi ichore ikisongamana mahali na kuachana mahali, si kama meno ya kitana. Konokono mkubwa wa pwani, ukimgeuza mdomo wa gamba ukutazame na ncha ikiwa juu, mdomo huwa kulia. Picha zilizopinduliwa kwenye simu ndizo zinazoleta makosa hapo. Kaskazi ikipamba moto na ardhi ikikauka, hujifungia ndani na kuziba mdomo kwa utando, hivyo konokono anayetambaa mchana kweupe kwenye vumbi la Februari hatakubalika. Kinyonga, vidole vyake tu: mguu wa mbele viwili nje na vitatu ndani, wa nyuma kinyume chake. Na usimshike ili akukalie mkao, maana hukoza rangi kwa hofu, ukaishia kuchora hofu yenyewe.

Kazi zikikauka kabisa, zifungie kwenye boksi la plastiki pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mchele usiweke, huleta fukusi. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kadi nzuri ya A5. Ikunje kabla ya kuchora, kwa sababu rangi nzito hupasuka kwenye mkunjo.

Krismasi njema kwenu na majirani zenu, na Mwaka Mpya wa heri. Kadi ambazo hazijakauka siku ya mkesha zitumeni tu Januari, mkrismasi bado utakuwa na maua.