Kwa Nini Kusafisha Picha ya Simu ni Ghali Kuliko Kupiga Mpya

Haipiti wiki bila ugomvi huu pale kaunta ya studio yetu. Mteja anaingia, ananirushia picha WhatsApp, anasema, "Kaka, hii nisafishie kidogo tu, naiweka kwenye CV." Naiangalia, namtajia elfu kumi na tano. Anaruka. "Heee! Kupiga elfu tano, kusafisha elfu kumi na tano? Si wizi huo?" Juzi dada mmoja alitoka amenuna, akaenda kuandika mtandaoni kwamba tunawakamua watu. Sikumjibu kule kwa sababu jibu lenyewe ni refu. Nalitoa hapa.

Kupiga picha studio ni dakika chache kwa sababu kazi kubwa imeshafanyika kabla hujaingia. Taa zimepangwa, kiti kipo kwenye alama yake, pazia la nyuma limenyooshwa. Unakaa, nakwambia kidevu mbele kidogo, mabega chini, tumemaliza. Sasa ile picha uliyopigwa sebuleni usiku, chini ya tyubu laiti, hiyo nakaa nayo. Natenganisha nywele na ukuta, natoa kivuli cha pua shavuni, nafuta mkono wa shangazi uliobaki begani kwako maana picha imekatwa kutoka kwenye ya harusi. (Mikono ya mashangazi nimeifuta mingi. Wa mwisho ulikuwa na hina mpya na bangili, umeshika begani kabisa, na chini yake ilibidi nimshonee bwana mwenye picha bega lingine la koti.) Na pamoja na jasho lote hilo, kitu ambacho kamera haikukiona siwezi kukirudisha. Macho yakishamezwa na kivuli, naweza kukuchorea macho, lakini yatakuwa macho yangu, si yako.

Kwa hiyo nitasema jambo ambalo wenzangu wa studio hawatalipenda: kama ni picha ya CV, ya LinkedIn au ya tovuti ya ofisini kwenu, piga mwenyewe nyumbani. Ila ipige vizuri. Picha mbovu ya bure ndiyo inayokuja kukula hela kwangu.

Simu si tatizo. Watu hudhani wakinunua simu ya kamera tatu picha itajipiga. Picha ya milimita 35 kwa 45 ikichapwa kwa doti 300 kwa inchi inahitaji pikseli (vidoti vinavyounda picha) 413 kwa 531 hivi, jumla kama 219,000. Simu ya megapikseli 12, yaani pikseli milioni 12, inazo hizo zaidi ya mara hamsini. Kinachokosekana ni mwanga na umbali.

Tuanze na mwanga, maana hapo ndipo wengi wanapoanguka. Hapa Dar kuanzia saa tano mpaka saa tisa jua liko utosini. Ukisimama nje muda huo, paji la uso linang'aa, macho yanakuwa mashimo mawili, pua inadondosha kivuli mdomoni. Jua hilo usilisogelee. Tafuta dirisha kubwa ambalo jua haliingii moja kwa moja, au simama kwenye kivuli cha baraza ukitazama nje kwenye uwazi. Zima taa zote za ndani. Mwanga wa dirisha na wa balbu ya njano ukichanganyika, shavu moja linakuwa la bluu na jingine la njano, na hiyo kuisahihisha ndiyo kazi inayonichosha kuliko zote. Usiligeuzie dirisha mgongo. Ligeuzie uso, kisha zungusha mwili kidogo mpaka uone upande mmoja wa uso umekolea kivuli kuliko mwingine. Kama upande wenye giza umezidi giza, mtu ashike shuka jeupe au ubao wa plastiki nyeupe upande huo, nje ya picha. Utaona kivuli kinavyolainika hapo hapo.

Angalia na kuta zako. Mwalimu mmoja aliniletea picha akilalamika kamera ya simu yake imeharibika, uso wake unatoka na kijani kama mgonjwa. Simu ilikuwa nzima. Alisimama darasani, ubavuni mwa ukuta uliopakwa rangi ya mafuta ya kijani mpaka kiunoni, jua linapiga pale na kumrudia usoni. Nilimwambia atoke akasimame mlangoni, apige upya kwa simu ile ile. Akarudi na picha safi, sikumtoza.

Ukuta mweupe nao una hila yake, hasa kwa sisi wenye ngozi nyeusi. Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, na uso wako unazama. Gusa uso wako kwenye kioo cha simu, kisha vuta kile kijijua (alama ya mwanga inayotokea hapo) juu taratibu mpaka ngozi ionekane rangi yake. Wengi hawakijui hicho kijijua, wanakimbilia programu za kung'arisha. Halafu simama mbali na ukuta, mita moja au zaidi, kivuli chako kisikufuate nyuma kama askari.

Na usione aibu kutumia shuka. Mpiga picha Seydou Keïta wa Mali, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliwapiga picha wateja wengi uani kwa mwanga wa mchana, na shuka la kitanda chake mwenyewe lilikuwa pazia la nyuma. Picha zile leo zinatundikwa kwenye makumbusho za Ulaya na Marekani. Alikuwa pia na suti na tai za kuwaazima wateja, kama lile koti la studio letu ambalo nusu ya mtaa huu wamepigiwa picha nalo. Koti hilo, nikumbushe, ni bure. Ila usilivae kama huendi kwenye mahojiano ya kazi ya koti. Fundi umeme ndani ya koti lililomzidi mabega anaonekana kaazima, na kweli kaazima. Shati safi lililopigwa pasi, kola imekaa, inatosha. Kwa dada zangu wa hijabu nyeusi, epukeni ukuta wa rangi nzito, la sivyo uso unaelea peke yake.

Umbali sasa. Selfi ni mkono mmoja kutoka usoni, na lenzi ya mbele ya simu ni pana. Kitu kilicho karibu kinavimba: pua inakuwa kubwa, masikio yanarudi nyuma. Kisha mteja ananiambia "nipunguzie pua." Pua yako haina kosa, ndugu yangu. Mpe mtu simu, atumie kamera ya nyuma, asimame kama mita mbili, avute kwa lenzi ya kukuza mara mbili (2x) kama ipo. Kama haipo, apige tu hapo hapo, utakata baadaye. Simu iwe usawa wa macho yako. Mtoto mfupi akikupiga kutoka chini atakupa pua na kidevu tu. Kama uko peke yako, egemeza simu kwenye vitabu juu ya kabati, weka muda wa sekunde kumi. Na kabla ya yote futa lenzi! Simu imetoka sikioni na mfukoni, ina mafuta, halafu unashangaa picha ina ukungu. Futa na uso pia, tishu kavu puani na kwenye paji. Miwani ikimeta, inamisha kidogo vioo vyake kwa kuinua mikono ya miwani juu ya masikio.

Ile hali ya simu ya kufifisha nyuma (portrait), izime. Inakisia tu mwisho wa kichwa ni wapi, na kwenye nywele za asili au ukingo wa mtandio hukata ovyo. Programu za kulainisha ngozi usiziguse kabisa. Nilishaletewa picha ya binti ambayo mama yake mzazi, aliyekuja naye, aliniuliza, "Huyu ni nani?"

Picha za viza niachieni mimi au studio yoyote unayoiamini. Ya viza ya Marekani ni inchi mbili kwa mbili, nyuma kweupe, miwani hairuhusiwi tangu Novemba 2016, na picha iliyorekebishwa kwa kompyuta inakataliwa. Ndiyo maana ukiniletea uliyopigwa mbele ya pazia la bluu unataka nibadilishe iwe nyeupe, nakukatalia, hata ukiongeza hela. Ya bahati nasibu ya viza za Marekani nayo faili lisizidi kilobaiti 240, pikseli kati ya 600 na 1200 kila upande.

Mwisho, utumaji. Ukinitumia picha kama picha WhatsApp, inaminywa, inafika nusu mtu. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua dokyumenti, itume hivyo. Ikifika naiangalia bure. Kama mwanga ni mzuri, kukata, kusawazisha rangi na kuchapa nakala nne ni elfu nne. Kama macho hayaonekani, nitakwambia upige tena kesho saa mbili asubuhi karibu na dirisha. Ukisisitiza niisafishe hivyo hivyo, ni elfu kumi na tano, na nusu yake unatanguliza.