Barua kwa mdogo wangu aliyeficha viatu vipya

Mdogo wangu mpendwa,

Juzi nilipokuja kwako niliona boksi la viatu chini ya kitanda. Vipya kabisa, na lebo ya bei umeshaibandua. Sikuuliza kitu, lakini ulianza kujitetea kama mtu aliyefikishwa mbele ya hakimu: vilikuwa na punguzo, vya zamani vimeachia soli, mwezi ujao utajibana ufidie. Nilikusikiliza huku roho ikiniuma, kwa sababu maneno hayo nayajua moja baada ya jingine. Niliyasema mimi miaka mingi kabla wewe hujaanza kupokea mshahara.

Nimeamua kukuandikia hadharani kwa kuwa najua hauko peke yako. Wapo wengi wanaolala huku nafsi ikiwasuta kwa kitu walichokilipia kwa jasho lao.

Linalonikera zaidi kuhusu hatia hii ni kwamba haijui hesabu. Inakujia kwa ukali uleule ukinunua dawa, ukinunua zawadi, ukinunua viatu. Haikuulizi kama kodi umelipa, wala kama akiba ya mwezi huu umeshaiweka. Inachojua ni kupiga kelele pesa inapotoka mkononi. Halafu siku unayosaini mkopo wa riba kali, siku ambayo ilipaswa kukushika mkono, inanyamaza kimya, kwa sababu siku hiyo pesa inaingia. Deni lenye riba ya asilimia 24 kwa mwaka, usipolilipa na riba ikazaa riba, linakuwa mara mbili ndani ya miaka 3 na miezi michache tu. Mimi nimewahi kukosa usingizi kwa ajili ya mkoba, na nikalala fofofo usiku niliochukua mkopo.

Uchungu wenyewe wa kutoa pesa upo kweli, usidhani unajidekeza. Mwaka 2007 mtafiti Brian Knutson na wenzake walichunguza kwa mashine ubongo wa watu waliokuwa wakiamua kununua au kuacha. Bei ilipoonekana kubwa mno, ilichangamka sehemu ya ubongo inayohusishwa na hisia kama maumivu na kinyaa. Mwaka uliofuata, Scott Rick, Cynthia Cryder na George Loewenstein walieleza kwamba wapo watu ambao uchungu huo unawazidi, hadi wanatumia kidogo kuliko wanavyotaka wao wenyewe. Wakawatenganisha na wale wanaoweka pesa kwa sababu kuweka kunawapendeza.

Niliposoma hapo nilijiona. Kiswahili kina neno uwekevu, na nilikuwa nikisifiwa kwalo. Lakini mwekevu hufurahia kuweka. Mimi nilikuwa naogopa kutoa. Kwa mtazamaji wa nje, mimi na mwekevu tunafanana.

Na hofu hiyo haikunitajirisha. Nilijinyima miezi mitatu, minne, kisha jioni moja nikiwa nimechoka na kila kitu, nilinunua vitu vya kufidia miezi yote hiyo, vingine hata sikuvihitaji. Kesho yake aibu ilinijaa kiasi kwamba sikuthubutu kufungua akaunti nione salio. Wiki ikapita, ikawa mwezi. Kwa sababu ya kukwepa kutazama nilitozwa faini ya kuchelewesha malipo ya deni ambalo pesa yake nilikuwa nayo. Ilikuwapo palepale kwenye akaunti. Hatia ndiyo iliyonila pesa ile, mdogo wangu, kwa kunifanya nisitazame.

Kilichonisaidia ni kuacha kuamua mbele ya muuzaji. Siku mshahara unapoingia, kabla sijatoka nyumbani, kila fungu nalipatia jina lake. Kwanza yale yasiyosubiri: kodi, bili, madeni. Pili akiba, nayo naihamisha siku hiyohiyo kwenda mahali ambapo siioni kila ninaposhika simu. Tatu, nilichoahidi watu wangu. Nne, fungu la kujifurahisha, na hili sitoi maelezo kwa mtu yeyote, hata kwa nafsi yangu. Linalobaki ni la matumizi ya kila siku.

Najua jicho lako limesimama kwenye hilo la nne, na ndilo ninalotaka ulitazame zaidi. Lifanye dogo kadiri hali inavyoruhusu, ila lisiwe sifuri. Bajeti isiyo na fungu hilo nimeijaribu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara iliishia kwenye jioni kama ile niliyokusimulia. Ukishalitenga, swali dukani linabadilika. Huulizi tena kama unastahili, swali ambalo halina jibu. Unauliza kama ndani ya fungu bado pesa imo.

Richard Thaler, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, ameandika sana kuhusu jinsi watu wanavyogawa pesa vichwani mwao kama vile ziko kwenye vibubu tofauti. Tabia hiyo inaweza kutupotosha: mtu anashikilia akiba isiyoongezeka huku deni lake la riba kubwa likiota mizizi. Kama una deni la aina hiyo, weka akiba kidogo ya dharura, kisha lishambulie deni kwanza. Lakini tabia hiyohiyo inaweza kutulinda pia. Pesa ikishakuwa na jina la furaha, kuitumia kwa furaha ni kuitumia ilivyokusudiwa.

Kuhusu kiasi, usijitwishe mzigo wa kuigiza watu wengine. Ukiweka asilimia 10 ya mshahara kila mwezi, baada ya miezi 10 una mshahara mzima wa mwezi mmoja umekaa pembeni. Kama 10 ni nyingi, anza na 3. Kama kipato chako kinapanda na kushuka, piga hesabu kwa mwezi ulio mbaya kuliko yote, na miezi mizuri ijazie.

Hapa lazima niseme jambo jingine, kwa sababu nimechoshwa na wanaowahubiria watu nidhamu. Kuna miezi ambayo pesa haitoshi, basi. Hakuna mgawanyo wa mafungu utakaoifanya itoshe, na kujisuta kwa hilo ni kujidhulumu. Mwaka 2013 Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia wakulima wa miwa nchini India. Wakulima walewale walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, mifuko ikiwa mitupu, kuliko baada ya kuvuna na kulipwa. Watu hawakubadilika, ila ukata ulikuwa umewabana akili. Ukipita kwenye mwezi kama huo, jihurumie, na maamuzi makubwa yaahirishe ukiweza.

Sisemi kila kusutwa ni kwa bure. Ukitumia pesa yenye jina la mtu, ada uliyoahidi au deni la rafiki, nafsi ikikusuta isikilize. Namna ya kutofautisha nimeipata kwa kuishi nayo. Hatia ya haki hukwambia la kufanya: rudisha, omba radhi, lipa kidogo kidogo. Ukishafanya, inaondoka. Hii nyingine haina inachotaka ufanye. Inakwambia tu kwamba wewe ni mbaya, na hata ukirudisha viatu dukani itakufuata hadi nyumbani.

Tulilelewa na haba na haba hujaza kibaba, na ninaiamini hadi leo. Lakini kibaba ni kipimo cha nafaka, na anayekijaza huwa anakusudia kupika. Sehemu hiyo ya habari hatukuambiwa. Mwaka 2006 watafiti Ran Kivetz na Anat Keinan walionyesha kwamba muda unavyozidi kupita, majuto ya kujistarehesha hupungua, na majuto ya kujinyima kupita kiasi huongezeka. Mimi bado nakumbuka safari ambayo wenzangu walinisihi twende wote, nikakataa huku nauli ninayo. Ile pesa niliyookoa sijui hata ilienda wapi.

Nitakuja Jumamosi. Niandalie risiti zako za mwezi huu, zote, hata zile ulizozikunja mara nne, tukae tuzitazame pamoja. Sitasema neno baya. Mara ya kwanza inatisha, nikiwapo mimi haitakutisha sana. Tukimaliza tutatoka kutembea, na tafadhali vivae hivyo viatu.

Dada yako