Barua ya Malalamiko: Nirudishieni Nusu-Krauni Yangu ya 1905

Leicester, Uingereza
20 Machi 2025

Kwa Meneja,
Duka la Sarafu za Kale

YAH: NUSU-KRAUNI YA 1905 ILIYOSUGULIWA NA KUWAHI KULEHEMIWA KITANZI

Assalaam alaykum.

Nakuandikieni kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tuliyoelewana nayo tangu 2006, nilipoingia dukani mwenu mara ya kwanza nikiwa bado na sare ya udereva wa basi. Marehemu mzee wenu alinisikia nikizungumza kwenye simu, akaniuliza mimi mtu wa wapi. Nikamwambia Unguja, akanivutia kiti. Siku ile aliniuzia nusu-krauni, ile sarafu ya zamani ya Uingereza ya shilingi mbili na nusu, ya 1946, mwaka wa mwisho wa sarafu zenye fedha ndani yake kabla ya 1947 kuingia zile za shaba na nikeli. Akanionyesha namna ya kuishika: kidole gumba na cha shahada, ukingoni tu, na kitambaa kimetandikwa chini. Akaniambia sarafu ya fedha haisuguliwi, hata ikiwa nyeusi kama chungu. Ndiyo maana barua hii imekuwa nzito kwangu, na ndiyo maana sikuweza kunyamaza.

Jumamosi ya tarehe 8 Machi niliagiza kwenu kwa simu nusu-krauni ya Edward VII ya mwaka 1905. Bei tuliyopatana ni pauni 900. Nililipa pauni 640 kwa kadi ya mkopo, na pauni 260 zilizobaki mkazihesabu kwa nusu-krauni yangu mwenyewe ya mwaka huohuo, iliyochakaa, ambayo nilikuwa nimekuachieni wiki moja kabla muitathmini. Mzigo ulinifikia Jumatano tarehe 12. Kesho yake asubuhi nilipiga simu kulalamika, na kijana aliyepokea akanijibu kwamba sarafu yenye miaka 120 haina dhamana, na kwamba kusafishwa si kasoro.

Risiti yenu ninayo hapa mezani. Mmeandika daraja la VF (Very Fine, yaani iliyochakaa kidogo tu), kisha mkaongeza kwamba uso wake ni wa asili na haijasafishwa. Maneno hayo ni yenu, na ndiyo yaliyonitoa pauni 900.

Nilipofungua bahasha, kilichonishtua kwanza ni mng'ao. Fedha iliyotoka kiwandani 1905 ikaachwa yenyewe huvaa rangi yake polepole: kijivu katikati, dhahabu hafifu kuelekea ukingoni, na pengine buluu kidogo karibu na herufi. Hii ilikuwa nyeupe kama kijiko kilichotoka kung'arishwa. Nikachukua kioo cha kukuzia mara kumi, nikawasha taa ya pembeni, nikaiinamisha taratibu. Nyuma ya shingo ya mfalme, pale penye uwanja mtupu, kuna michirizi myembamba mingi sana, yote imelala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Michirizi hiyo inakwenda mpaka kwenye miguu ya herufi na kukoma hapo, kwa sababu kitambaa hakikuweza kuingia. Ndani ya herufi, na katika maandishi ya ule mkanda wa nishani ya Garter uliozunguka ngao upande wa nyuma, weusi wa zamani bado umo vilevile. Uwanja mweupe, mashimo meusi. Mtu yeyote aliyekaa na sarafu za fedha mwaka mmoja anajua maana yake.

Lililoniumiza zaidi liko ukingoni. Ukiweka kichwa cha mfalme wima na kutazama pale juu kabisa, juu ya utosi wake, meno ya ukingo yamekatika kwa upana wa punje mbili za mchele. Pamepigwa tupa, na ndani ya meno mawili ya jirani pana kitu cha kijivu kilichofifia, laini kuliko fedha yenyewe. Ni risasi ya kulehemia. Sarafu hii iliwahi kutiwa kitanzi ikavaliwa kama kidani. Hili sikulisoma kitabuni. Mjomba wangu alikuwa sonara pale Mkunazini, Unguja, na nikiwa mtoto nilishinda chini ya benchi lake nikimtazama akilehemu vitanzi kwenye rupia na riale za Maria Theresa ili akina mama wavae shingoni. Aliponiambia nivitoe vitanzi vya zamani, kovu lililobaki lilikuwa hilihili, mahali hapahapa.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba ni ya bandia, ingawa mwaka huu hughushiwa. Nimeipima kwa mizani ya sonara ikatoa gramu 14.02, na uzito wake kamili ikiwa mpya ni gramu 14.14, kwa hiyo upungufu huo ni uchakavu wa kawaida. Herufi ni zenyewe, kazi ya De Saulles, mchongaji wa picha ya mfalme, ni yenyewe. Ni nusu-krauni halisi ya 1905 iliyosuguliwa na kutobolewa heshima yake ukingoni. Sarafu kama hiyo ina mnunuzi wake na ina bei yake, lakini si pauni 900, na si kwa maelezo mliyoyaandika. Picha mliyonitumia ilipigwa mwanga ukiwa umeielekea moja kwa moja, kiasi kwamba hakuna mchirizi hata mmoja unaoonekana, na ukingo haukuonyeshwa kabisa.

Ninyi mnajua 1905 ni nini, lakini naliandika ili libaki kwenye kumbukumbu. Zilitengenezwa nusu-krauni 166,008 tu mwaka ule, wakati mwaka 1902 zilipita milioni moja na laki tatu. Anayekusanya mwaka kwa mwaka kuanzia 1816, zilipoanza kutengenezwa zile mpya za George III, mpaka 1946, atapita penginepo kwa uvumilivu, lakini hapa lazima agonge mwamba. Na picha ya Edward VII ina mwinuko mdogo, hivyo ndevu na nyusi zilifutika mapema kwenye mifuko ya watu. Kuipata ikiwa na nywele zinazohesabika ni kazi ya miaka.

Mimi ilinichukua miaka minane kuipata ile mbovu. Ilikuwa 2014, kwenye maonyesho ya sarafu Birmingham, ndani ya sanduku la nusu-krauni zilizochakaa ambazo muuzaji hakuzipanga. Tarehe ilikuwa karibu imekwisha. Nikaipeleka dirishani, nikaigeuzageuza kwenye mwanga mpaka ile tano ikajitokeza, kwanza tumbo lake, kisha mkia wa juu. Mikono ilinitetemeka. Ile sarafu imelala kwenye trei yangu miaka kumi na moja, na kila mgeni aliyekuja nyumbani nimemwonyesha hiyo kabla ya nyingine zote.

Sisi tunaokusanya kwa mshahara wa kawaida hatuanzii juu. Unanunua mbovu, unaziba tundu kwenye trei, kisha Mungu akijaalia unaitoa na kuweka iliyo bora kidogo, na ile uliyoitoa inasaidia kulipia ijayo. Ile ya 1817, yenye kile kichwa kinene cha George III ambacho wenyewe wanakiita kichwa cha fahali, nimeibadilisha mara tatu, mara zote kwenu. Ya 1887 mara mbili. Zile za 1920 na 1921 bado sijazipandisha, kwa kuwa fedha iliposhushwa kutoka sehemu 925 kwa elfu hadi 500, mchanganyiko wa mwanzo haukukaa vizuri, na nyingi zina umanjano usiopendeza, hizo nasubiri. Kazi yote hii inasimama juu ya jambo moja, kwamba kila hatua ni ya kupanda. Nikitoa sarafu iliyochakaa kwa kupita mikononi mwa watu, nikapokea iliyoharibiwa kwa kitambaa na tupa, nimeshuka. Uchakavu wa ile yangu ulitokana na watu kununulia mkate na kulipia nauli. Ni uchakavu wa haki. Kilichofanyiwa hii hakiwezi kurudishwa na dawa yoyote, hata ikikaa droo miaka hamsini ikarudi nyeusi, michirizi itakuwa chini ya weusi huo.

Kuhusu jibu la kijana wenu: si kweli kwamba sarafu ya kale haina dhamana. Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015 ya hapa Uingereza inataka bidhaa ilingane na maelezo yake, iwe mpya au kuukuu, na inampa mnunuzi siku 30 za kuikataa na kurudishiwa pesa zake zote. Zaidi ya hapo, tulipatana kwa simu na sarafu ikaja kwa posta, kwa hiyo kanuni za mwaka 2013 za mauzo ya mbali zinanipa pia siku 14 za kughairi tangu nilipoipokea. Leo ni siku ya nane. Kwa barua hii naikataa rasmi.

Ninachotaka ni hiki. Pauni zangu 640 zirudi kwenye kadi ileile, pamoja na gharama ya posta. Na nusu-krauni yangu ya zamani irudi mkononi mwangu, yenyewe, si nyingine ya mwaka huo na si pauni 260. Kijana wenu alinitajia kwamba iko kwenye trei ya kuuzia. Tafadhali itoeni leo hii kabla hamjamaliza kusoma ukurasa huu. Mtaitambua kwa mkwaruzo mfupi wa kulala chini ya sikio la mfalme, na kwa bonyeo dogo kwenye ukingo upande wa kushoto. Picha zake ninazo, mbele na nyuma, na nimeziambatisha. Kama imeshauzwa, niambieni ukweli na mwasiliane na aliyeinunua.

Nasubiri jibu la maandishi hadi tarehe 3 Aprili. Lisipokuja, nitadai kwa kampuni ya kadi chini ya kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Watumiaji ya mwaka 1974, na nitapeleka risiti, picha na barua hii kwa Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, ili wao waifikishe kwa maofisa wa biashara. Sipendi kufika huko na duka ambalo nimelitumia miaka 19.

Na jambo dogo: sarafu ilinijia ndani ya kifuko cha plastiki laini chenye harufu, kile cha PVC ambacho baada ya muda hutoa majimaji ya kijani yanayokula fedha. Mzee asingekiruhusu kiingie dukani. Tumieni karatasi au plastiki ngumu.

Nimeihamishia sarafu yenu kwenye bahasha ya karatasi na sijaigusa uso. Sitaiweka posta. Nitaileta mwenyewe Jumamosi tarehe 29 Machi, saa nne asubuhi, pamoja na kioo changu na taa, tuitazame ukingo wake sote kwenye kaunta, na niondoke na ile yangu.

Wasalaam,

Mteja wenu wa Leicester, tangu 2006

Viambatisho: nakala ya risiti, picha sita za sarafu mliyonitumia, mbili zikiwa za ukingo, picha mbili za nusu-krauni yangu ya 1905